Kisima jirani na kambi ya zamani: namna ya kujua kama kimechafuka, na nini kifanyike

Ukikaa Nachingwea muda mrefu unazoea kukanyaga historia bila kuitazama. Mwaka 1947 Waingereza walileta mradi wao wa karanga, wakasafisha pori kwa matrekta, wakajenga reli na maghala ya mafuta, kisha mradi ukafa. Katikati ya miaka ya 1960 wapigania uhuru wa FRELIMO walifungua kambi ya mafunzo katika eneo tunaloliita Farm 17, na kutoka huko wakavuka Ruvuma mpaka Msumbiji ikapata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Kwingine Lindi na Mtwara kuna viwanja vya ndege vya zamani, maghala na sehemu za shabaha, yaani walikojifunzia kulenga kwa bunduki, ambazo leo ni mashamba ya mikorosho.

Sisemi kwamba maeneo hayo yamechafuka. Ninachosema ni kwamba popote palipowekwa magari mengi, mafuta mengi na risasi nyingi kwa miaka, mtu anayechota maji jirani ana haki ya kuuliza. Nimefanya kazi ya visima na pampu karibu maisha yangu yote, na maswali haya nimeulizwa mara nyingi barabarani kuliko ofisini. Majibu ni haya hapa, kwa mpangilio ambao mimi ningeufuata.

Kwanza: usiokote kitu

Kabla ya maji, kabla ya udongo, kuna chuma. Bomu lililolala ardhini miaka 50 halijafa. Mara nyingi limekuwa hatari zaidi, maana kutu imekula kile kilichokuwa kinalizuia. Wanaoumia ni watoto wanaochunga mbuzi na vijana wanaookota vyuma chakavu. Skrepa inalipa kwa kilo, na ganda la bomu ni zito. Kishawishi ni kikubwa, tusijidanganye.

Ukiona chuma chenye mapezi, chenye umbo la chupa, au kopo lenye pini, simama. Rudi kwa nyayo zako mwenyewe, njia uliyojia. Ukishafika mbali, funga kitambaa chekundu kwenye mti kando ya njia ili wengine wajue, zuia watu, mwambie mwenyekiti wa kijiji na upige 112. Simu ipigwe ukiwa umeondoka pale. Polisi watawaita wataalamu wa jeshi, na hao ndio pekee wenye ruhusa ya kukigusa. Wakazi wa Mbagala wanakumbuka tarehe 29 Aprili 2009, na wa Gongo la Mboto tarehe 16 Februari 2011: maghala ya mabomu ya jeshi yalipolipuka, mabomu yaliruka hadi mitaani, na mengine yaliangukia makazi ya watu bila kulipuka.

Sisi wa kusini tuna hatari moja ya ziada, nayo ni moto wa shambani. Tunafyeka, tunakusanya, tunachoma kabla ya mvua. Kama shamba linapakana na sehemu ya shabaha ya zamani, usichome. Fyeka uache majani yaoze. Joto la moto wa kawaida wa majani linatosha kuamsha kitu kilicholala karibu na uso wa ardhi.

Watanzania tumetoa msaada mkubwa katika kazi hii, ingawa hatuusemi sana. Panya buku wanaofundishwa Morogoro na shirika la APOPO walinusa mabomu ya ardhini Msumbiji hadi nchi hiyo ikatangazwa kuwa safi mwaka 2015. Mmoja wao, Magawa, alipewa nishani ya dhahabu mwaka 2020 kwa kazi aliyofanya Kambodia. Huku kwetu panya buku kwa wengine ni kitoweo, lakini hayo ni mazungumzo ya siku nyingine.

Pili: keti na wazee, chora ramani

Maabara haiwezi kupima "kila kitu". Itakuuliza: tupime nini? Jibu hilo liko kwenye vichwa vya wazee kabla ya kuwa kwenye chupa. Chukua kaunta buku, nenda kwa waliowahi kufanya kazi pale: dereva, mpishi, fundi, mama aliyekuwa akiuza maandazi getini. Mzee akikwambia "pale palikuwa na gereji", mwombe akupeleke aoneshe kwa kidole. Hakikisha mnabaki upande wa kijiji. Kama kambi bado inatumika, usiingie na usipige picha. Kupiga picha eneo la jeshi ni kosa, na picha moja inaweza kuiharibu kazi yote mliyoianza kwa nia njema.

Ulizia sehemu tano. Gereji na tangi la mafuta ndiyo ya kwanza, kwa sababu huko ndiko kunakotoka dizeli, oili chafu na petroli, na ndani ya petroli kuna benzini, ambayo husababisha saratani ya damu. Ya pili ni karakana walikosafishia vyuma na bunduki, maana dawa za kuondolea grisi kama trikloroethilini huwa zinamwagwa nyuma ya jengo. Ya tatu ni shabaha. Kiswahili kinatumia neno moja, risasi, kwa madini yale mazito na kwa kinachotoka kwenye bunduki, na lugha haikukosea: tuta la udongo la nyuma ya shabaha, lililopigwa miaka 20, ni mgodi mdogo wa risasi. Ya nne ni shimo la taka walikochomea kila kitu. Ya tano watu wengi huisahau, nayo ni mahali wazimamoto walipofanyia mazoezi ya povu, hasa kando ya uwanja wa ndege. Povu lililosambaa majeshini kuanzia miaka ya 1960 lilikuwa na kemikali za PFAS, ambazo hazijui kuoza.

Kuna na la sita lisilo mahali: mapipa. Pipa la bohari likishatoka kambini huzunguka kijijini miaka mingi, leo la maji, kesho la kuchachulia uraka, pombe ya mabibo. Ukilikuta pipa ambalo hakuna anayejua lilibeba nini, lisihifadhi kitu cha kunywa. Kulisugua kwa mchanga na sabuni hakutoshi.

Tatu: jua maji yanaelekea wapi

Hapa ndipo ninapotaka ukae kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapokosea zaidi. Wanatazama mteremko wa ardhi na kusema, "Kisima chetu kiko juu, hakina shida." Maji ya chini hayaoni mteremko wako. Yana mteremko wake.

Unahitaji visima vitatu visivyo kwenye mstari mmoja, vilivyoachana mita 100 au 200 hivi. Tafuta kamba isiyonyumbuka, ifunge jiwe, itie fundo kila nusu mita. Alfajiri, kabla watu hawajaanza kuchota, pima kina kutoka mdomo wa kisima hadi maji yalipo, visima vyote asubuhi moja. Kisha mwite fundi ujenzi na mpira wake wa levo, ule mpira mwangavu wa maji wanaosawazishia msingi. Kwa mpira huo mtapima kidogokidogo, kigingi hadi kigingi, tofauti ya urefu kati ya midomo ya visima. Inachosha, lakini ni kazi ya siku moja.

Tuseme mdomo wa kisima A tunauita mita 100. Maji yako chini kwa mita 8.4, kwa hiyo usawa wa maji ni 91.6. Kisima B mdomo wake uko 99.1 na kina ni 8.0, basi maji yako 91.1. Kisima C mdomo uko 98.6 na kina ni 6.6, maji yako 92.0. Tazama vizuri: ardhi ya C ndiyo ya chini kuliko zote, lakini maji yake ndiyo ya juu kuliko yote. Maji yanatoka upande wa C kwenda upande wa B. Kama tangi la zamani liko karibu na C, watu wa B ndio wanaopaswa kuwa na wasiwasi, ingawa kwa macho wao wako juu.

Rudia kipimo mwisho wa masika na tena mwisho wa kiangazi. Kusini tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, na usawa wa maji hupanda na kushuka sana kati ya nyakati hizo mbili. Mafuta yanayoelea juu ya maji hupanda na kushuka nayo, yakipaka udongo kama rangi. Ndiyo maana kisima kinaweza kunuka dizeli mwezi wa tatu na kutonuka mwezi wa tisa, na mtu akaitwa mwongo.

Trikloroethilini ina tabia tofauti. Ni nzito kuliko maji, kwa hiyo huzama hadi ikutane na tabaka gumu. Kisima kifupi kinaweza kuwa salama huku kisima kirefu cha pampu, ambacho kila mtu anakiamini, kikiwa ndicho kibaya. Katika kambi ya Camp Lejeune huko Marekani maji ya kunywa yalibeba trikloroethilini, benzini na sumu nyingine kuanzia miaka ya 1950 hadi miaka ya 1980. Mwaka 1982 sehemu moja ilipimwa ikakutwa na trikloroethilini maikrogramu 1,400 kwa lita, wakati kikomo kilichowekwa baadaye ni 5. Walioyanywa walikuwa wanajeshi wenyewe, wake zao na watoto wao. Kumbuka hilo utakapokwenda kuongea na watu wa kambi. Mnachota ardhi moja.

Nne: maji ya kunywa wakati mnasubiri

Ukinusa mafuta kisimani, au ukiona utando wa rangi ya upinde wa mvua juu ya ndoo, acha kunywa leo. Usingoje majibu.

Kuchemsha hakusaidii. Benzini itapanda na mvuke iingie jikoni unapovuta pumzi, na risasi itabaki sufuriani ikiwa nzito zaidi kwa sababu maji yamepungua. Klorini inaua vijidudu tu. Mbegu za mlonge zinatuliza tope. Sumu iliyoyeyuka ni habari nyingine. Chujio la mchanga vilevile. Kinachosaidia ni chanzo kingine: bomba la mradi kama lipo, au maji ya mvua ya bati, ukiacha mvua ya kwanza ioshe bati na mfereji kabla ya kuelekeza maji tangini. Maji ya kisima yenye mafuta yasitumike hata kuogeshea mtoto kwenye chumba kilichofungwa.

Kuhusu risasi, watoto wadogo na wajawazito ndio wa kulindwa kwanza. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Inadumaza akili taratibu, bila homa, bila kutapika, kwa hiyo zahanati haitaiona kwa kumtazama mtoto.

Tano: sampuli

Niliwahi kuharibu sampuli nzuri kwa ujinga wangu. Tuliwasha jenereta ya petroli kuvuta maji, nikasimama na chupa upande unakopelekwa moshi. Majibu yalirudi yana benzini, tukashangilia kama watu waliopata ushahidi, hadi kijana mmoja wa maabara akauliza jenereta ilikuwa wapi. Safari nzima ikawa bure. Kwa hiyo: jenereta ikae mbali, upande unakoelekea upepo. Aliyejaza mafuta asishike chupa. Sigara hapana.

Piga simu maabara kabla hujachota tone. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina ofisi ya Kanda ya Kusini mjini Mtwara. Uliza wanapima nini, wanatoa chupa gani, gharama ni kiasi gani, na sampuli ipokewe siku gani. PFAS ulizia peke yake, maana inahitaji mashine maalumu na chupa za plastiki za aina yake.

Kisima cha bomba kinatakiwa kwanza kitolewe maji yaliyolala, walau mara tatu ya ujazo wake. Bomba la kipenyo cha sentimita 10 lina karibu lita 8 kwa kila mita ya maji. Kama lina mita 20 za maji, ni lita 157, mara tatu ni 471, yaani kama ndoo 24 za lita 20. Kisima cha kuchimba kwa mkono huwezi kukikausha hivyo. Asubuhi subiri watu wachote kwa muda wa saa moja, ndipo uchukue.

Kwa mafuta na benzini tumia chupa ya kioo cheusi. Jaza hadi maji yavimbe mdomoni, funga, igeuze juu chini. Ukiona kipovu cha hewa, mwaga uanze upya, kwa sababu benzini hukimbilia kwenye hewa hiyo. Weka kwenye boksi la barafu na ifike maabara ndani ya siku 7. Kutoka Nachingwea kupitia Masasi hadi Mtwara barafu inayeyuka, beba ya akiba. Kwa risasi na metali nyingine chupa safi ya plastiki inafaa, na tindikali ya kuhifadhia itoke maabara.

Usichukue kisima kinachoshukiwa peke yake. Chukua na kile kilicho upande maji yanakotoka, ili mtu asije akasema uchafu ni wa asili. Na beba chupa moja ya maji safi kutoka maabara, isafiri na nyingine kwenda na kurudi bila kufunguliwa. Ikirudi imechafuka, kosa ni la safari. Andika nani alichukua, saa ngapi, nani alibeba, nani alipokea.

Udongo wa shabaha: usichote bonge moja kwenye tuta. Chota kidogokidogo sehemu kama 30 za eneo moja, sentimita 5 za juu, changanya kwenye ndoo safi. Vaa barakoa, loweka vumbi, na usiuanike kwenye mkeka wa nyumbani.

Majibu yakija, tazama namba hizi. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha benzini kwenye maji ya kunywa miligramu 0.01 kwa lita, na risasi vilevile 0.01. Kwa udongo wa makazi, Marekani walikuwa wakitumia miligramu 400 za risasi kwa kilo, wakashusha hadi 200 mwaka 2024.

Omba pia tindikali ya udongo ipimwe. Salfa tunayopulizia mikorosho kupambana na ugonjwa wa ubwiriunga huongeza tindikali ardhini mwaka hadi mwaka, jambo ambalo watafiti wamelichunguza kwa miaka huku kusini. Na kwenye mchanga wenye tindikali, risasi iliyokuwa imetulia huanza kuyeyuka na kusafiri. Shamba la korosho chini ya tuta la shabaha lina sababu mbili za kupimwa.

Sita: barua

Mkutano wa kijiji uamue, muhtasari uandikwe, barua ipitie kwa mtendaji. Iende kwa afisa mazingira wa halmashauri, nakala kwa RUWASA (wakala wa maji vijijini) wilaya, Bodi ya Maji ya Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini, na ofisi ya NEMC (baraza la taifa la mazingira) Kanda ya Kusini. Bodi ya bonde na NEMC zote mbili ziko Mtwara. Kama eneo bado ni la jeshi, pitia kwa mkuu wa wilaya, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati ya usalama. Barua iwe ya ukurasa mmoja: nini kimeonekana, lini, namba za maabara, ramani ya visima, mnaomba nini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi na salama, na inamtaka mchafuzi agharimie. Itaje mara moja inatosha. Barua yenye matusi hufunguliwa faili. Yenye namba hujibiwa.

Saba: usafishaji wenyewe

Kazi hii si ya kijiji, lakini mkiijua hamtadanganywa na mtu anayekuja na tipa moja la mchanga.

Chanzo kizibwe kwanza. Kusafisha kisima huku tangi linavuja ni kufua nguo mvuani. Tangi litolewe mafuta, lichimbuliwe, na udongo wenye mafuta uondolewe hadi mahali usipo na harufu na maabara imethibitisha. Mafuta yanayoelea kisimani yavutwe, yahifadhiwe kwenye mapipa yaliyoandikwa, yasafirishwe na mwenye kibali cha taka hatarishi.

Udongo wenye dizeli hauna haja ya kupelekwa mbali sana. Bakteria wa kawaida wa ardhini wanakula dizeli wakipewa hewa, unyevu na mbolea. Hutandazwa juu ya nailoni nzito, unene wa sentimita 30 hivi, huongezwa naitrojeni na fosfeti, hupinduliwa kila wiki mbili na hulindwa na mvua. Unyevu uwe wa tonge: ukilifumbata linashikana bila kuchuruzika. Joto letu la kusini linasaidia, lakini hesabu miezi.

Risasi hailiwi na mtu wala bakteria. Vipande huchekechwa vitolewe, na kilichobaki hufungwa ardhini kwa chokaa au fosfeti. Tuna fosfeti yetu ya Minjingu kule Manyara, na fosfeti hugeuza risasi kuwa chumvi isiyoyeyuka kirahisi. Ila risasi za bunduki zina antimoni pia, metali nyingine yenye sumu, ambayo fosfeti inaweza kuiachia, kwa hiyo apange mtaalamu. Wakati huohuo, kwenye shamba la jirani usipande mchicha wala matembele. Mti wa matunda ni afadhali. Muhogo uumenye nje na uoshe kabla haujaingia ndani, maana hatari kubwa iko kwenye udongo unaoganda kwenye ganda.

Trikloroethilini na PFAS ni suala la miaka na fedha nyingi: kuvuta maji, kuyapitisha kwenye mkaa maalumu, kuyapima, kurudia. Kule Da Nang, Vietnam, udongo wenye sumu ya dioksini katika uwanja wa ndege uliokuwa wa jeshi ulirundikwa na kupashwa joto la nyuzi zaidi ya 300 kabla ya kusemwa kuwa safi, na kazi ile ilianza 2012 ikaendelea miaka kadhaa. Mtu akikuahidi kumaliza PFAS kwa wiki mbili, mwombe namba za maabara za kabla na baada, kisha umtazame usoni.

Nane: baada ya magari kuondoka

Pimeni visima vilevile, na chupa za aina ileile, mwisho wa masika na mwisho wa kiangazi, walau miaka miwili. Masika ya kwanza ndiyo yenye kusema kweli, maji yakipanda kuugusa udongo uliodhaniwa umekwisha. Ile kamba yenye mafundo na lile kaunta buku vikae kwa katibu wa kamati ya maji, na katibu akibadilishwa vikabidhiwe mbele ya mkutano.